Gari la turbo likipoteza nguvu: pima kwanza, nunua baadaye



Katika maswali yanayotufikia, moja limejirudia sana miezi hii. Gari la dizeli lililokuwa likipanda milima bila wasiwasi limeanza kuchoka. Linavuta polepole, linatoa moshi mweusi, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, na fundi amekwisha kutoa hukumu: "Turbo imekufa, leteni nyingine." Hukumu hiyo ni nzito kwa familia. Turbo ni miongoni mwa vifaa ghali kabisa vya injini, na fedha yake mara nyingi ndiyo ada ya mtoto, au akiba ya mama, au michango ya waumini kwa ajili ya gari la kubebea jeneza na wagonjwa. Basi tulizungumze suala hili kwa utaratibu, ili kila mwenye gari ajue la kuuliza kabla hajafungua mkoba.

Msingi wa mazungumzo yetu ni huu: upungufu wa msukumo wa hewa ni dalili, kama homa ilivyo dalili kwa mwanadamu. Tabibu mwenye insafu hampi mgonjwa dawa ya malaria kwa kuwa tu mwili una joto. Hupima damu kwanza. Na fundi naye, kabla ya kutamka neno "turbo", anapaswa kupima.

Turbo hufanya nini?

Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alisajili wazo hili mwaka 1905. Aliona kwamba moshi unaotoka kwenye injini hupotea bure ukiwa bado na joto na nguvu nyingi. Kwa hiyo moshi huo hupitishwa kwenye gurudumu dogo lenye mapanga, nalo likazunguka. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa shafti fupi na gurudumu jingine la upande wa pili, ambalo huvuta hewa safi na kuikandamiza kuingia kwenye injini. Hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi zaidi huungua vizuri, na injini ndogo hufanya kazi ya injini kubwa. Shafti hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili.

Hewa ikikandamizwa hupata joto, na hewa ya moto hutanuka. Kwa sababu hiyo hupitishwa kwanza kwenye kipoza hewa, ambacho mafundi wetu hukiita intakula, kisha ndipo iingie kwenye silinda. Safari yote hiyo hupita katika mabomba na mipira iliyofungwa kwa klipu. Msomaji aishike njia hii akilini: chujio la hewa, turbo, mpira, intakula, mpira, injini, ekzosi. Karibu kila kasoro tutakayoitaja imejificha mahali fulani katika njia hiyo.

Tuchukue mfano wa injini ya Toyota 1KD-FTV, ya silinda 4 na lita 3.0, inayopatikana katika Hiace, Hilux na Land Cruiser Prado nyingi zilizomo nchini mwetu. Turbo yake ina visu vidogo vinavyogeuka ili kubana au kulegeza njia ya moshi, na visu hivyo huendeshwa na mota ya umeme kwa amri ya kompyuta ya gari. Injini ya zamani zaidi, 1KZ-TE, ina mpango mwingine: kilango kidogo hufunguka ili kupunguza moshi unaofika kwenye mapanga, msukumo usije ukazidi. Subaru Forester za petroli zenye turbo nazo hutumia kilango cha namna hiyo. Tofauti hii ni muhimu, kwa sababu kilango kikibaki wazi, au visu vikikwama kwa masizi, msukumo hupungua ilhali turbo yenyewe ni nzima.

Mwinuko wa ardhi

Kabla ya kulilaumu gari, tuitazame hewa. Ufukweni, Dar es Salaam au Tanga, mgandamizo wa hewa ni karibu kilopaskali 101. Dodoma, iliyo juu ya mita 1,100, ni karibu 89. Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, ni karibu 82. Gari lisilo na turbo huhisi upungufu huo moja kwa moja. Lenye turbo hufidia kwa kuzungusha mapanga kwa kasi zaidi, hivyo turbo iliyochoka inaweza kuficha aibu yake pwani na kuumbuka nyanda za juu.

Takwimu hizo zina faida nyingine. Ndani ya njia ya hewa kuna sensa inayopima mgandamizo. Ufunguo ukiwashwa bila kuwasha injini, sensa hiyo inapaswa kusoma mgandamizo wa hewa ya mahali gari lilipo. Fundi wa Dar es Salaam akiona 100 au 101, sensa inasema kweli. Akiona 80, basi shahidi wake mkuu ni mwongo, na lazima ashughulikiwe kabla ya ushahidi mwingine wowote kusikilizwa. Kipimo hiki huchukua nusu dakika, nacho huweza kuokoa fedha nyingi.

Utaratibu wa kupima

Kwanza, isomwe kompyuta ya gari. Alama P0299 humaanisha msukumo ni mdogo kuliko unaotakiwa. Alama P0236 huelekeza kwenye sensa ya msukumo, na P0101 kwenye sensa inayopima hewa inayoingia. Hakuna hata moja kati ya hizo isemayo "nunua turbo". Alama hueleza kilichoonekana. Sababu yake hutafutwa kwa mikono na macho. Ziandikwe zote kwenye karatasi kabla hazijafutwa.

Pili, gari lipimwe likiwa kazini. Fundi wengi hukanyaga mafuta gari likiwa limesimama, wakasikiliza, kisha wakahukumu. Kipimo hicho ni dhaifu, kwa sababu turbo huhitaji moshi mwingi wenye joto, na moshi huo hupatikana injini ikiwa imebeba mzigo. Njia iliyo sahihi ni kuunganisha mashine ya kusomea, kwenda kwenye barabara iliyo wazi na salama, kuweka gia ya tatu na kukanyaga mafuta injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 hivi, huku mtu wa pili, asiye dereva, akisoma tarakimu. Katika dizeli nyingi za namna hii, sensa iliyosoma 100 wakati wa utulivu inapaswa kukaribia au kupita 200. Isipopita 130 au 140, upungufu ni wa kweli. Mashine nyingine huonyesha pia kiwango ambacho kompyuta imekitaka. Hapo viwili hivyo hulinganishwa.

Tatu, ianzwe na mwanzo wa njia: chujio la hewa. Katika barabara zetu za vumbi chujio huziba mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Chujio lililoziba huinyima turbo pumzi, na mpira wa kuingizia hewa uliolegea kwa uzee huweza kunyonywa na kujibana wenyewe injini ikikazwa.

Nne, itafutwe hewa inayovuja baada ya turbo. Hapa ndipo penye kasoro nyingi zaidi, na ndipo panapopitwa haraka zaidi. Mipira huchanika upande wa chini usioonekana, klipu hulegea, intakula hutoboka kwa mawe au kwa mtikisiko. Dalili zake ni mlio wa kupuliza au filimbi gari linapopanda mlima, moshi mweusi, na doa la oili lenye vumbi mahali pa kuungia. Moshi mweusi una sababu: sensa imekwisha kuhesabu hewa iliyoingia, kompyuta ikatoa dizeli kwa hesabu hiyo, kumbe sehemu ya hewa imetoroka njiani. Dizeli iliyokosa hewa hugeuka masizi.

Ufa wa namna hiyo huweza kujifunga injini ikiwa imezimwa na kufunguka ikikazwa. Kwa hiyo kutazama kwa macho hakutoshi. Injini ikiwa baridi na imezimwa, fundi huziba mdomo wa kuingizia hewa kwa kizibo chenye tundu, akajaza upepo wa kompresa uliopunguzwa usizidi baa 1, kisha akapaka maji ya sabuni kwenye maungio. Palipo na ufa, povu litachemka. Ni kipimo kilekile anachotumia fundi wa baiskeli kutafuta pancha.

Tano, yakaguliwe maungo ya kudhibiti turbo. Kwenye magari yanayotumia mipira myembamba ya vakyumu, mpira mmoja uliopasuka wenye unene wa kalamu hutosha kuiondolea injini nguvu. Mkono unaosukuma visu au kilango usogezwe kuona kama unatembea kwa ulaini hadi mwisho wake. Ukikwama, masizi yamejaa ndani, na mara nyingi kusafisha kwa ustadi huleta nafuu. Kwenye mota ya umeme zikaguliwe waya na soketi, kwa kuwa joto na maji huzila.

Sita, itazamwe ekzosi. Ufa kabla ya turbo huvujisha moshi ambao ungezungusha mapanga. Utasikika kama mlio wa "chu, chu, chu" injini ikiwa baridi, na utaacha masizi meusi kwenye gasketi. Kinyume chake, masega yaliyoziba baada ya turbo huuzuia moshi kutoka. Valvu ya EGR iliyokwama ikiwa wazi hurudisha moshi ndani ya injini na kula nafasi ya hewa safi. Aidha, chujio la dizeli lililoziba hupunguza moto, moshi ukapungua, na msukumo nao ukapungua. Turbo ikabeba lawama isiyokuwa yake.

Saba, na mwisho kabisa, ndipo ifunguliwe turbo. Injini ikiwa baridi, mpira wa kuingizia hewa hutolewa na shafti kushikwa kwa vidole. Kutikisika kidogo sana kwa upande ni kawaida, kwa sababu nafasi hiyo hujazwa na oili injini inapofanya kazi. Lakini shafti ikiingia na kutoka kama droo, au mapanga yakiwa yamegusa ukuta na kulika ncha zake, hapo hukumu ya kifo ni ya haki. Utando mwembamba wa oili ndani ya mpira ni jambo la kawaida katika injini nyingi. Oili iliyotuama ni tatizo.

Yaliyotokea kwa Hiace ya jamaa

Mfano ulio karibu nasi ni wa Hiace inayotumiwa na jamaa wa msikiti mmoja kwa mazishi na kupeleka wagonjwa hospitali. Ikiwa njiani kuelekea Iringa na jeneza, ilishindwa kupanda Kitonga ila kwa gia ya kwanza, huku malori yakiipita kwenye kona zile zinazojulikana. Familia ya marehemu ilifika makaburini jua likizama. Waliporudi, gereji moja iliwaambia turbo imekufa na kutaja gharama ya zaidi ya shilingi milioni 1. Michango ikaanza kukusanywa baada ya swala ya Ijumaa.

Mweka hazina, mzee mstaafu asiyejua gari hata kidogo, aliuliza swali moja tu: "Mmeipima vipi?" Jibu lilikuwa kwamba mafundi wameizoea injini hiyo. Mzee akasema fedha hazitatoka kwa mazoea. Gari likapelekwa kwa fundi wa pili, akajaza upepo na maji ya sabuni, na povu likatoka chini ya mpira unaoingia intakula: ufa mrefu kama kidole, upande wa chini. Mpira na klipu mbili mpya zikairudishia Hiace nguvu zake. Fedha iliyosalia, kwa ridhaa ya wachangaji, ilinunua magurudumu ambayo gari lilikuwa likiyahitaji kwa muda mrefu.

Funzo lililomo ni kwamba huhitaji kuwa fundi ili kulinda mali ya familia au ya jamaa. Yatosha kuuliza maswali manne na kungoja majibu. Kompyuta imesoma nini, na karatasi iko wapi? Msukumo ulifika kiasi gani barabarani? Upepo ulijazwa kutafuta ufa? Shafti ya turbo inacheza vipi, nami naweza kuiona? Fundi mwaminifu atafurahi kuulizwa, maana maswali hayo humtetea mbele ya mteja anayemshuku. Na kazi ya kupima ilipwe ujira wake. Tunapokataa kulipia kupima, tunamfundisha fundi kwamba riziki yake imo katika kuuza vipuri tu.

Ikiwa turbo imekufa kweli

Hapo swali linalofuata ni: nini kimeiua? Turbo kufa yenyewe kwa uzee ni nadra kuliko kuuawa na kiu ya oili au vumbi. Oili isiyobadilishwa kwa wakati, bomba jembamba la oili lililoziba, au chujio la hewa lililochanika huua turbo mpya kwa mtindo uleule uliomwua mtangulizi wake. Bomba la kurudishia oili likiziba, hata turbo nzima huvujisha oili.

Wenye 1KD-FTV wana la ziada la kuliangalia. Katika injini hizo, washa za shaba chini ya nozeli huweza kuvujisha moshi wa silinda kuingia kwenye oili. Masizi hujikusanya, yakashuka hadi kwenye sampo, yakaziba chujio la kunyonyea oili. Injini nzima hukosa oili, na turbo, yenye shafti iendayo kasi kuliko vyote, huwa miongoni mwa wa kwanza kuumia. Anayefunga turbo mpya bila kufungua sampo na kukagua chujio hilo anaifungia mahali penye sumu. Kabla ya injini kuwashwa, turbo mpya itiwe oili kwenye tundu lake, isije ikazunguka kavu katika sekunde zile za kwanza.

Kinga ni rahisi kuliko tiba: oili ya daraja linalotajwa na kitabu cha gari, ibadilishwe kwa wakati, chujio la hewa likaguliwe kila huduma, injini isikazwe ikiwa baridi, na baada ya mlima mrefu au mwendo mkali, iachwe ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, ili oili iendelee kupoza shafti.

Tahadhari kwa familia

Gari lisilo na nguvu ni hatari hata likiwa na breki nzuri. Dereva aliyezoea kulipita lori kwa sekunde chache atajikuta upande wa pili wa barabara akiomba gari liitike, nalo lisiitike. Mpaka litengenezwe, asijaribu kupita magari mengine katika barabara ya njia mbili, wala asipakie kupita kiasi.

Hatari kubwa zaidi ni ya dizeli. Turbo ikimwaga oili nyingi ndani ya njia ya hewa, injini huweza kuichoma oili hiyo kama mafuta na kujiongezea mwendo, wala ufunguo hauizimi. Moshi mzito huziba barabara na injini hulia kupita kawaida. Kwenye gari la gia za mkono, simamisha gari, kanyaga breki kwa nguvu, weka gia ya juu kabisa na uachie klachi ili injini izimike. Ikishindikana, watoeni watoto na wazee, sogeeni mbali. Asiwepo mtu wa kuziba njia ya hewa kwa mkono. Kwa hiyo, moshi wa buluu unaozidi pamoja na oili inayopungua kila wiki ni sababu ya kusimamisha gari leo, bila kungoja mwisho wa mwezi.

Wako pia wanaofuta alama za kompyuta asubuhi na kuliuza gari mchana. Wanafikihi wamempa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa kwa aibu iliyofichwa, nayo huitwa khiyaru-l-aib. Gari ambalo mwenyewe anajua halipandi mlima linaingia humo bila shaka. Anayeuza aseme kasoro ilipo na apunguze bei. Anayenunua alijaribu gari mlimani, likiwa na watu ndani, na aombe kuisoma kompyuta siku mbili baada ya majaribio, maana alama iliyofutwa hurudi gari likiendeshwa.

Wiki ijayo, inshaallah, tutazungumzia magurudumu yaliyotumika yanayouzwa barabarani, na namna ya kusoma tarehe ya kutengenezwa iliyoandikwa ubavuni mwake. Wenye maswali wayawasilishe kabla ya Jumatatu.

Wabillahi tawfiq.